Siku Niliyoruka Majina ya Kambini

Nakumbuka siku ile ya mipaka na kila mtu aliyekaa pale uwanja wa shule. Mezani alikuwa karani Langat, ametumwa kutoka Bomet na ramani yake. Kando yake baba mkwe wangu, arap Chumo, mwenyekiti wa kokwet, hilo baraza letu la majirani. Sisi wanawake tulikaa kwenye nyasi: mimi, niliyekuwa naitwa Mama Chebet kwa huyo kifungua mimba wangu; Tapsabei, mke wa ndugu ya mume wangu; na Mama Akinyi wa kambini. Kambi ni zile nyumba za wafanyikazi wa chai, ng'ambo tu ya ua wa shamba kubwa. Mume wake, Odhiambo, alikuwa mtu wa boila kiwandani. Walitoka upande wa ziwa wakakaa hapo kabla mimi sijaolewa. Ndiyo kusema, wanangu, mimi ndiye niliyewakuta.

Wakati huo wadi za kaunsili zilikuwa zinagawanywa upya. Tukionekana watu wa kutosha, upande wetu ungepata diwani wake. Tukionekana wachache, tungeunganishwa na watu wa nyuma ya kilima, ambao diwani wao hajawahi kuliona daraja letu la miti. Na lile daraja lilikuwa limeoza. Watoto walilivuka kwenda shule wakishikana mikono, na sisi mama zao tunasimama ng'ambo tukiomba.

Langat alifungua ramani akasema, "Mimi naona mapaa tu. Nani ananiambia ni ya nani?"

"Muulize huyu msichana wetu," arap Chumo akajibu. "Hata ng'ombe za watu anazijua kwa majina."

Watu walicheka, nami nikasimama. Siku hizo mwanamke hakuitwa hivyo mbele ya kokwet, kwa hivyo mnaweza kujua nilivyovimba kichwa. Shule sikuenda sana, lakini majina yananikaa. Nilianzia darajani, boma kwa boma, mke wa kwanza, mke wa pili, mpaka wazee wasiotoka nje. Kalamu ya Langat ilikuwa inanifuata. Nikafika kwa arap Soi, boma la mwisho kabla ya ua wa shamba.

Hapo mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Hao wa kambi ni wa kampuni! Wakistaafu wanapanda gari wanaenda kwao!"

"Na kura watampigia mtu wa ziwa!" mwingine akaongeza. Kicheko kikapita uwanja mzima.

Wanangu, nilimwona Mama Akinyi akiniangalia. Mikono yake ndiyo iliyompokea Chebet, kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara na sikuweza kufikishwa hospitali. Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale. Lakini wale wanaume walikuwa wamenisifu, na sifa ni tamu ukiwa mdogo. Nikaruka kambi yote, nikaendelea na boma la juu.

"Na haya mapaa mengi hapa?" Langat akauliza.

"Hao si wa hapa," nikasema.

Akapiga mstari juu ya ua. Mama Akinyi akasema, si kwa sauti kubwa, "Mama Chebet, umesahau jina langu?"

Tapsabei alinifinya mguu. Nilikaa chini.

Barua ilipokuja, ilisema watu wetu hawatoshi. Tukapelekwa nyuma ya kilima. Arap Chumo alinikuta shambani nikichuma, akangoja nishushe kikapu.

"Mimi nilinyamaza siku ile," akasema. "Nilitaka kupendwa na kokwet. Hiyo ni aibu yangu, nitaibeba. Lakini wewe majina ulikuwa nayo, ukachagua. Sasa utaenda kambini, mlango kwa mlango. Uulize jina la mtu na la watoto wake. Na usiniletee jina nusu."

Nilienda. Wengine walinifungia mlango, na walikuwa na haki. Mama Akinyi aliniacha nimesimama nje mpaka alipomaliza kuanua nguo zake, moja moja, polepole kabisa. Kisha akasema, "Ingia. Omena utakula, ama bado unaogopa macho yao?"

Nilikula hao dagaa wa kwao ziwani, macho na yote. Akanifundisha majina ya ile safu nzima, na nikikosea anacheka mpaka anakohoa. Lakini hata kwa majina hayo, kiti cha diwani hakikurudi. Daraja lilienda na maji, na Chebet alimaliza shule akizungukia barabara ya kiwandani, mvua na jua. Kila asubuhi nikimwona anatoka mapema vile, nilijua ni mdomo wangu uliomwamsha.

Sasa nawaambia haya kwa sababu mipaka imerudi. Safari hii ni wadi za bunge la kaunti, na hii tuliyo nayo sasa ni moja ya zile ndogo zinazoweza kumezwa. Alhamisi watu wanasikizwa kule Merigi. Mjukuu wangu Kipng'eno, mtoto wa Chebet, alikuja na karatasi akasema, "Kogo, nipe majina ya watu wetu." Nikaanza na kambi. Akaweka kalamu chini.

"Kogo, hao watatunyang'anya kiti. Halafu mashine za kuchuma chai zimekuja, wengi watahama tu."

"Wakihama, wahame wakiwa wameandikwa."

"Na wakimchagua mtu wao?"

"Si kura ni yao? Mwambie huyo mgombea wenu aende akawaombe. Miguu anayo."

"Basi mimi siandiki."

"Usiandike. Niitie bodaboda ya Alhamisi. Nitasimama mwenyewe."

Alicheka, akidhani natania. Aliponiona natafuta viatu vyangu vya kanisa, akaichukua kalamu. Tuliandika mpaka chai ikapoa.

Nasaha yangu, wanangu, ni hii. Ukiitwa kusema ni nani wa hapa, taja kila anayelala hapa, hata yule usiyempenda, hata yule atakayempigia kura mtu mwingine. Usimruke mtu ili wanaocheka wakupende. Kelele yao itaisha jioni hiyo hiyo, na mstari utabaki chini ya miguu ya watoto wako. Na kama umeshamruka mtu, mwendee kwake, ukubali kusimama nje.

Mungu awape mvua ya kiasi na maziwa ya kutosha. Awape ulimi usiogopa umati. Awaweke ninyi na watu wa kambini upande mmoja, na awape mtu wa kuwasemea huko Bomet.

Alhamisi nitaenda na hiyo orodha, Kipng'eno asome, mimi nisikize. Lakini umri ni umri. Kama nimekosea jina la mtu, au kuna nyumba nimeiacha, tafadhali nirekebisheni. Njooni hapa nyumbani kabla ya Alhamisi, mlango uko wazi.