Mikono ya Mamangu Kwenye Picha

Mchoraji anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Mtongwe. Huchora wanawake tu, wakubwa kama mlango: muuza viazi karai, fundi wa cherehani, bibi anayesuka ukili. Mamangu alimkalia Jumapili tatu achorwe, huku akicheka. Uso ukakamilika. Mikono ikabaki, maana mama alitaka apakwe hina kwanza.

Kisha baba akafa, na mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hakuna hina, hakuna kutembea.

Mimi sikulia. Bado sijalia. Watu hunitazama usoni kama wanaosubiri maji ya mfereji.

Mchoraji aliniita, akaniambia maonyesho yake ya picha hayatangoja eda iishe. Picha bila mikono hawezi kuipeleka, na turubai jingine la kuchorea hana. Itabidi apake rangi juu yake, aanze mwanamke mwingine. Niliutazama ule uso unaocheka. Nyumbani hatuna tena uso ule. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Chora mikono yangu."

Akanipaka hina mwenyewe. Niliketi siku mbili, mikono magotini, sifikirii kitu.

Shangazi, dadake baba, aliiona hina nilipokuwa nikianua nguo.

"Weye! Babako hajatimiza arobaini, nawe wajipamba? Wamngoja bwana harusi?"

Nikaficha mikono ndani ya leso. Mama alisikia yote akiwa chumbani.

Alhamisi mchoraji akaileta picha, mama aione kabla haijaenda. Akaiegemeza ukutani.

"Mashallah, wifi, ni wewe mtupu!" shangazi akasema.

Mama aliitazama kitambo. "Uso ni wangu. Mikono si yangu." Akagusa kidole cha kwenye picha, kile kilichopinda. "Hiki kilibanwa na mlango wa kabati, huyu mwanangu akiwa darasa la pili. Babake ndiye aliyemfunga kitambaa."

Shangazi akaitazama mikono yangu. Mama akanishika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Ichukue, iende," akamwambia mchoraji.

Nilingoja nilie. Hakikuja kitu. Nikaenda kuosha vyombo, kwa ncha za vidole tu, ili hina isitoke upesi.