Maji Yenye Vitamini Kama Sombe

Nichekeni tu, maana siku niliyomwalika Papa Cirhuza kwenye labo yetu pale Bukavu, enzi za Zaïre, niliaibika mpaka masikio yakawaka moto. Mzee huyo wa Kalehe alikataa kunipa binti yake Nabintu kwa sababu alisikia kazi yangu ni kufuga vijidudu (si uongo, lakini ukisema hivyo ukweni umekwisha), nami nikaapa kumwonyesha faida yake.

Bakteria wangu hawaongezeki bila vitamini fulani ya majani. Watie kwenye chupa ya maji ya sombe, yale majani ya muhogo, kesho yake chupa imekuwa nyeupe kama maji ya mchele. Kwenye maji ya sukari na chumvi tu, bila sombe, hamna kitu. Ila kwanza lazima uwaoshe na kuwashindisha njaa, kwa sababu wakikuta vitamini kwenye chakula chao cha kila siku wanafyonza kupita haja yao na kuweka akiba mwilini. Mimi nikasema, aa, leo tu, kwani fundi cherehani wa mtaa wa Nyawera alikaribia kufunga na abakosti yangu, ile suti ya heshima isiyo na tai, iko kwake (ningesimamaje mbele ya mkwe na shati la kazini?), nikawatia hivyo hivyo, nikakimbia.

Asubuhi wakaja baba na binti, na wenzangu wa kazi wakajazana mlangoni. Nikainua chupa ya sombe: nyeupe. Nikainua ya maji kwa mbwembwe, bila hata kuitazama: nyeupe vilevile.

“Kumbe mayi nayo iko na vitamini sawa sombe?” akauliza mzee. “Basi mutoto wangu utamukulisha mayi?”

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nabintu hakucheka, aliinamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniuma.

“Hapana, Papa,” nikasema. “Ile bidudu ilikuwa na akiba ya jana mu tumbo. Sikuiosha. Nilikimbilia hii nguo, juu ya kukupokea wewe.”

Akaitazama abakosti, kisha akamtazama binti yake.

“Uko mujinga,” akasema, “lakini unamupenda.”

Tukaoana. Kila nilipoketi mezani kwake alisema, “Mupe mukwe mayi, atashiba.” Hata alipolazwa hospitali ya Katana, hamezi tena chakula, nilimshikia kikombe akanong'ona, “Leta. Iko na vitamini.” Nililia palepale, kikombe mkononi.

Bakteria nawaosha kila mara, sirudii tena. Ila maji ya kunywa, jamani, mpaka leo nikiyameza naona yana kitu.