Majivu Ndani ya Oveni

Mtani wangu wa Mabwerebwere ametangulia. Mkewe alinipigia simu nikiwa Mikumi nasubiri chai, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia vya kutosha, "Shemeji, mtani wako katuacha. Uje, na usije umenuna, alikataza." Nikacheka, kisha nikalia, na chai ilipoletwa niliinywa imepoa. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua mimi ni mtu wa bondeni, Mwislamu wa Kilosa. Yeye alikuwa wa mlimani, Vidunda, Mwanglikana wa kuimba kwaya. Utani wetu tuliurithi kwa wazee, utani wa kuporana kofia hadharani na kusingiziana wizi wa kuku mbele ya wakwe. Kwa desturi hiyo, mtani haji msibani kulia tu, huja pia kuwachekesha wafiwa. Basi niruhusuni leo nifanye kazi yangu kwa maandishi.

Marehemu alikuwa fundi umeme katika hoteli moja ya Mikumi. Hoteli ilipobadilisha majiko, alinunua moja la zamani lenye oveni, akalipeleka nyumbani kwa mbwembwe zote. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, oveni ikageuka kabati. Mkewe alipika juu kwenye gesi, na mle ndani akaweka vikaango, mifuniko na mbuzi ya nazi. Ingebaki hivyo hadi leo kama mama mzazi wa marehemu asingeshushwa kutoka Vidunda kwa sababu ya kifua. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba moshi wa kuni sasa basi, akirudi kwenye jiko lake la mafiga atakufa. Wakampa chumba chenye vigae, godoro nene na televisheni. Bibi akagoma kula. Wali aliuchokoa, chapati akawapa kuku. "Nataka kiazi," alisema. Mkwewe akachemsha viazi vitamu vizuri kabisa. Bibi akakitazama kimoja, akakirudisha sahanini. "Hiki kimeogeshwa. Mimi nataka cha kwenye majivu." Kila asubuhi alifunga kanga zake kwenye furushi na kuuliza gari la mlimani linaondoka saa ngapi, na kila jioni mwanawe alilifungua furushi lile huku akimbembeleza. Mama alikuwa anakonda, na mtani wangu, bingwa wa kelele, alikuwa ameanza kuwa mkimya.

Ijumaa moja nilitoka msikitini nikapita kwake na kanzu yangu nyeupe, imepigwa pasi ikanyooka. Nikamkuta jikoni, masufuria yote yako sakafuni, na kando yake ndoo ya majivu aliyoomba kwa jirani anayekaanga maandazi kwa kuni. Alikuwa ameyachekecha kwa chekecheo la unga, akayajaza kwenye trei ya oveni na kuvifukia viazi humo.

"Mtani, unamzika nani?" nikamuuliza.

"Nyamaza, mtu wa bondeni. Majivu yapo, joto lipo, moshi haupo. Kumebaki nini?"

Kulikuwa kumebaki feni. Oveni ile ilikuwa na feni kwa nyuma, na aliyeitengeneza mara ya mwisho kule hotelini ni yeye mwenyewe. Akawasha, ikanguruma, tukangoja kidogo. Alipofungua mlango kuchungulia, majivu yote yakatoka kwa pamoja. Tulikimbilia barazani tukikohoa, wote wawili wa kijivu, kanzu yangu haitamaniki. Bibi alikuwa amekaa mkekani.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Nyie mmetoka kaburi gani?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika kifua, mwanawe akaogopa, kisha naye akaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani. Lakini kula hakula, na asubuhi furushi lilifungwa tena.

Mtani wangu hakukata tamaa. Alisugua oveni, akaosha viazi, akavikausha, akavipanga kwenye trei na maganda yake bila majivu, akaviacha viive taratibu. Utamu ukachuruzika ukaganda mweusi kwenye trei, na harufu ikafika barazani kabla ya sahani. Bibi akapokea kimoja. Akakirusha kutoka kiganja hiki kwenda kile, akakipigapiga, akakipuliza majivu ambayo hayakuwapo. Akakimega. Sisi tumesimama kama washitakiwa.

"Majivu mmeyapeleka wapi?"

"Nimeyapuliza, mama, kabla sijakuletea," mwanawe akasema bila kupepesa macho.

"Mwongo," akasema bibi, huku anatafuna. "Lete kingine."

Jioni ile furushi alilifungua mwenyewe. Aliishi katika nyumba ile miaka kadhaa, akanenepa, akafa kwa uzee wake.

Siku hizi tunahimizwa kuacha kuni na mkaa, na ni haki, kwa kuwa vifua vya mama zetu vimeteseka mno. Tunawatoa wazee mashambani, tunawapa vigae na swichi, kisha tunashangaa hawana raha. Tunawaita wakaidi. Mimi nakasirika nikisikia neno hilo, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewauliza wameacha nini kule. Mtani wangu aliuliza, akasikiliza jibu, halafu akakubali kuchekwa.

Msibani Mabwerebwere niliingia na ndoo ya majivu kichwani, nikaitua mlangoni na kupiga kelele kwamba siondoki mpaka marehemu aje kunifulia kanzu yangu. Wafiwa walicheka huku wanafuta machozi. Mjane aliingia jikoni akarudi na trei ya viazi, imeganda utamu mweusi pembeni. Nikachukua kimoja, nikakirusha huku na huku, nikakipigapiga, nikajikuta nakipuliza.

"Shemeji, hicho hakina majivu," akasema.

"Najua," nikasema, na hapo utani ukanishinda, nikalia kama mtoto.

Mzazi wako akikwambia anataka kiazi cha majivu, usimwambie kuwa mambo yamebadilika, analijua hilo kuliko wewe. Ingia jikoni ujaribu, na ukitoka umejaa majivu, mwache akucheke.