Rudi na Kadi

Siku hizo sikuweza kukaa kitini. Nilikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo upande wa Silibwet, miaka ya tisini, na kila asubuhi nilifika kabla ya akina mama, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kabati la dawa nililipanga Jumatatu, nikalipangua na kulipanga tena Jumanne. Yote hayo ni kwa sababu ya fomu moja iliyokuwa kwenye droo yangu, ambayo sikutaka kwenda kuijaza.

Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wilayani. Mtoto wa chini ya miaka mitano akifa, chifu anatoa taarifa, muuguzi wa karibu anakwenda nyumbani kuuliza maswali, kisha mara moja kwa mwezi tunakutana Bomet, makao ya wilaya, na kuzisoma fomu moja baada ya nyingine. Majina hayakutajwa, namba tu. Daktari wa wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alirudia kila mara kwamba hatukuja kumtafuta mkosaji, tulikuja kutafuta nini kingefanyika ili mtoto mwingine asife. Niliupenda sana mpango huo, mradi maswali yalikuwa ya watu wengine.

Fomu ya kwenye droo ilikuwa ya msichana wa mwaka mmoja na nusu, aliyekufa kwa homa wakati wa mvua kubwa. Kijiji nilikijua. Tarehe niliijua. Karani wa mpango alikuwa amekagua rejista yetu, asione jina la mtoto siku hiyo, akaandika kwa penseli: hakuletwa. Jina halikuwamo kwa sababu mimi sikuliandika. Mama yake alifika amelowa, mtoto mgongoni, nami bila hata kuinua blanketi nikamwuliza kadi ya kliniki iko wapi. Akasema alitoka mbio, ameisahau. Nikamwambia arudi na kadi. Wengi nilikuwa nikiwaambia hivyo, tena kwa sauti ya juu, ili walio nyuma kwenye foleni wasikie. Nilijiona mtu wa utaratibu, na leo najichukia kwa neno hilo.

Siku ya nane tangu nipewe fomu, aibu ilinishinda, nikaenda. Nilimkuta yule mama kwenye chai yake nyuma ya nyumba, akichuma. Hakuacha, maana lori la majani lilikuja siku ile ile, msiba uwepo usiwepo. Mimi ni mtu wa Kisii na Kikipsigis changu, lugha ya huko, kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tukaingia kwenye Kiswahili. Nikasimama kati ya mistari ya chai, viatu vikizama matopeni, nikauliza. Homa ilianza lini? Alinyonya? Alikufa wapi? Alijibu yote huku vidole vikienda: mtoto alishikwa na degedege nyumbani, yeye akitafuta kitu chini ya godoro. Kitu gani, hakusema, na sikuuliza. Nikafika swali la tisa: kabla ya kufa, mtoto alipelekwa kituo cha afya?

Vidole vikasimama.

“Sista, hiyo unaniuliza mimi?”

“Ni fomu inauliza, mama.”

“Basi andika hapana.” Alitupa majani kikapuni. “Mzee siku hiyo alikuwa Kaplong. Alirudi akanipata kwa nyumba, mtoto ameisha. Anasema nilikaa tu. Nikimwambia nilikuja kwako, anasema mimi ni mwongo, ati ningekuja ungempatia dawa. Hata wewe andika hapana, iishe.”

Niliandika hapana. Niliona mlango wa kutokea, nikautumia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikigeuka nyuma, na sikujua nategemea kumwona nani.

Mkutanoni Bomet nilikaa karibu na mlango. Fomu yangu ilisomwa ya nne. Hakuletwa kituoni. Mwenyekiti akapendekeza mafunzo kwa akina mama wanaochelewa, vichwa vikaitikia. Mwenzetu mmoja akasema wanawake wa huko wanapenda chai kuliko watoto. Hapo nilisimama, nimekasirika kana kwamba nimetukanwa mimi, na aliyetukanwa yuko shambani hata hajui.

“Aliletwa,” nikasema. “Ni mimi nilimrudisha. Hakuwa na kadi.”

Hakuna aliyenifokea. Ningefurahi wangenifokea. Mwenyekiti aliuliza polepole ni wangapi kati yetu huwarudisha wasio na kadi. Mkono mmoja ukainuka, halafu mwingine, mpaka ikawa karibu chumba kizima. Tukakubaliana siku hiyo hiyo: mtoto mgonjwa aonwe kwanza, kadi baadaye, na tangazo libandikwe kila mlango. Mwenyekiti akaifuta ile hapana kwa kalamu nyekundu, akaniambia jibu la kweli nilipeleke mwenyewe nyumbani kwa mtoto.

Nilimkuta mzee, baba wa mtoto, akikamua ng'ombe. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba huyo mkewe alimleta mtoto kwangu kwenye mvua, na mimi nikamfukuza. Mzee aliacha kukamua, akaisogeza ndoo kando.

“Alikuwa anasema hivyo,” akasema. “Mimi nilikataa.”

Mkewe aliingia ndani bila kutuaga, si mimi, si yeye.

Mwaka uliofuata alipata mtoto mwingine. Tangazo lilikuwa mlangoni kwa miezi mingi, na wasiojua kusoma niliwasomea mwenyewe. Asubuhi moja nikamwona akipanda kutoka mtoni, kitoto mgongoni. Alikuwa mbali bado, hata uso sikuuona vizuri, lakini mkono mmoja ulikuwa juu, na ndani yake kadi iliyofungwa kwa nailoni. Nilimpigia kelele ashushe, siku hizi kadi si lazima, nikashuka mbio kumpokea. Hakuushusha mkono mpaka nilipomshika mtoto.