Kabati Nililolikagua kwa Ndani

Shemeji yangu wa hapa Mikelenge alifungiwa makabati mapya jikoni, nami nikajiteua mukaguzi, mimi ambaye sijawahi kupiga hata musumari. Nikagonga mbao, nikakunja uso.

"Hii milango haifungi muzuri," nikasema.

Ili kuwaonyesha jamaa wote waliokuwa jikoni, nikajikunja ndani ya kabati la chini na kuvuta mlango. Ukafunga vizuri sana, ukagoma kufunguka. Nikabisha kwa adabu, kisha bila adabu.

Ndipo nikamsikia mama mukwe akiwaambia watoto wangu, ambao miaka yote nawasimulia nilivyowakabili askari mlangoni wakati wa vita:

"Mumuache kidogo, amezoea. Siku askari waliingia, yeye alikuwa ndani ya kabati yangu. Mimi mwenyewe njo niliongea nao mlangoni."