Siku Mama Alipoitikia Dirishani

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipofunguka na kila mtu akawa mfanyabiashara, mimi nilikuwa mchapaji wa ofisi ya baraza pale Kyela. Mashine yangu ya taipu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na majivuno yangu yalikuwa mazito kuliko mashine. Uamuzi wowote wa madiwani ulipita vidoleni mwangu kabla ya kuwafikia wananchi. Nilijua nani atabomolewa kabla yeye mwenyewe hajajua, na sitasema uongo, nilipenda kujua.

Ndivyo nilivyochapa ule uamuzi wa viwanja vya Mbugani. Baraza lilisema viwanja vyote vya kando ya barabara ya kwenda sokoni viwe na nyumba za kudumu: kuta za matofali ya kuchoma au ya saruji, na bati juu. Atakayeshindwa mpaka mwisho wa kiangazi cha mwaka unaofuata, kiwanja chake kitachukuliwa na kupewa mwenye uwezo wa kukiendeleza. Chini yake kulikuwa na orodha ya viwanja. Nilipofika katikati nikakuta chetu. Nikaendelea kuchapa, maana mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nakala.

Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi, imekandikwa udongo kwa ndani, nyumba ya Kinyakyusa ya zamani, na ilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Baba aliijenga wakati pale pote ni majani. Mji ndio uliotufuata, halafu ukatuona sisi ndio uchafu. Wakati ninaousimulia baba alikwisha kufariki, na mama alibaki na nyumba ile, migomba michache nyuma, na mimi. Kiwanja kikienda, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: Ndandalo kwa kaka yake, kwenye nyumba yenye wake wawili na manung'uniko ya wanne.

Katika kikao kilekile madiwani waliamua jambo jingine, na hilo nililichapa kwa moyo mweupe. Ingejengwa zahanati mpya, na matofali yake yangepatikana kwa zabuni. Safari hii wasiombe wafanyabiashara peke yao, bali vikundi vya akina mama navyo viruhusiwe, tena vitangulizwe kama matofali yao ni mazuri. Ili wajanja wasijifiche nyuma ya majina ya wanawake, kanuni ikaongezwa: mtu aliyetajwa kwenye fomu awe ukumbini mwenyewe siku ya kufungua zabuni, aitike jina lake, atie saini mbele ya wote. Niliona ni kanuni ya haki. Hata leo sioni kosa lake kwenye karatasi.

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha matofali. Walikuwa wanawake kumi na wawili, wengi wao wajane, wakifyatua matofali pembeni mwa mashamba ya mpunga baada ya mavuno, mvua ilipotupumzisha kidogo. Kuni zilikuwa shida, kwa hiyo walichomea pumba za mpunga walizozoa bure kwenye mashine za kukoboa. Wanaume waliwacheka, wakawaita wapishi wa udongo. Lakini tofali lao ukiligonga lilitoa mlio wa kengele, na hata yule Mswahili mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbugani, mtu ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa akiwaagiza wateja wake kwao.

Wakakubaliana mapema. Wakipata zabuni, tanuru la kwanza baada ya zahanati litakuwa la nyumba ya mama, na faida yake inunue bati. Hakuna aliyepinga. Kila mmoja wao alijua maana ya kurudi kwa kaka.

Sasa niseme habari ya mkwe. Kwetu mke haonani na baba mkwe wake. Huitwa kutila: kumcha, kumkwepa, kutotamka jina lake, kutokaa chumba kimoja naye, na njiani akimwona kwa mbali aiache njia. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mwanamke aliyelelewa vizuri huishika mpaka kaburini. Wadogo wa baba mkwe nao ni baba wakwe vilevile. Na mdogo wa mwisho wa babu yangu, mzee wa Talatala, alikuwa diwani, na ndiye aliyewekwa kuwa mwenyekiti wa kikao cha zabuni. Nilijua. Orodha ya wajumbe wa kikao hicho nayo niliichapa mimi.

Mama alipokuja na fomu niijaze, alisema jina la mwakilishi liwe la katibu wao.

"Kwa nini katibu?" nikamuuliza. "Wewe ndiye mwenyekiti."

"Unajua kwa nini, mwanangu."

Nilijua, nikakasirika. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne na kozi ya uchapaji Mbeya, na nilimwonea mama haya, kwamba mwanamke anayechoma tanuru zima bado anajificha migombani mzee akipita.

"Juba," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kinyakyusa, "ukumbini hakuna mkwe. Kuna mwenyekiti wa kikao na kuna mwombaji. Wakiona katibu ndiye anasimama, watasema kikundi hiki hakina kichwa. Haya mambo ya kutila yamepitwa na wakati."

Akanitazama. Mama hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Aliamini kwamba aliyesoma anaona asichokiona yeye. Akasema tu, "Basi andika unavyojua." Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikajisikia nimemkomboa.

Siku ya zabuni niliketi ukumbini pembeni ya meza kuu na daftari la kumbukumbu. Mkwe wa mama alikuwa katikati, koti jeusi, fimbo yake imelala mezani. Alikuwa mzee mwema. Kila msimu wa ndizi alitutumia mkungu, na hakuwahi kukanyaga kwetu kwa sababu ya heshima ileile. Wanakikundi waliingia wakakaa safu ya nyuma, vitenge vimepigwa pasi. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

Nilimwona mama mlangoni. Alipanda ngazi, akafika kizingitini, mkono ukashika mwimo. Kutoka pale mpaka kiti chake ni hatua ambazo mtoto angezivuka akiruka. Nikamfanyia ishara ya macho: ingia. Akachungulia meza kuu, akauona ule uso kwa mara ya kwanza labda tangu aolewe, na mwili wake ukageuka wenyewe. Nasema wenyewe kwa sababu niliona miguu ikiondoka kabla ya kichwa. Akazunguka nje ya jengo, na baada ya muda nikaona kilemba chake chini ya dirisha la nyuma. Alikuwa amechuchumaa pale, mgongo ukutani, ili sauti imfikie bila uso kuonekana. Kwake ilikuwa njia ya katikati. Yupo, na hayupo.

Bahasha zikafunguliwa. Bei ya kikundi ilikuwa nafuu kuliko zote, na sampuli ya tofali lao ilipitishwa mkono kwa mkono, watu wakiligonga na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ilipofika zamu ya kuita mwakilishi, mzee hakulisoma jina. Alisukuma fomu kwa ofisa mipango aliyekuwa kando yake. Naye mkwe halitaji jina la mke wa mwanawe. Mpaka dakika ile nilikuwa nimesahau kwamba kamba ile ina ncha mbili.

Ofisa mipango, mgeni kutoka mkoa mwingine, akaliita jina la mama kwa sauti kubwa.

"Nipo!" sauti ikajibu kutoka nje. "Nipo hapa!"

Watu wakageuka dirishani. Mzee hakugeuka. Aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa koti, akatazama mikono yake, kama inavyompasa mkwe anayesikia sauti ya mkwewe karibu. Lile lilikuwa jambo jema kabisa alilomfanyia mama yangu. Alimstahi.

Katibu akasimama nyuma. "Mheshimiwa, mimi ni katibu. Nitasaini kwa niaba yake."

"Fomu ina jina gani?" akauliza mzee, bado anatazama mikono.

"Si jina la katibu," ofisa mipango akasema.

"Basi kanuni inasemaje?"

Kanuni ilisomwa. Nilijua kila neno lake.

Mwenye duka la vifaa, ambaye naye alikuwa mwombaji, akanyanyua mkono. Namkumbukia hilo mpaka leo. "Mheshimiwa mwenyekiti, mama wa watu yupo hapo dirishani, sote tumemsikia. Tukubali tu, yaishe."

Ofisa mipango akasema basi ainuke aje mbele asaini, ni dakika moja. Wanawake wawili wakatoka kumwita. Tuliwasikia wakimbembeleza kwa Kinyakyusa, na tukamsikia yeye akikataa taratibu, akirudia neno moja: hapana, hapana, hapana. Mzee angeweza kutoka yeye, mama akaingia. Wazo hilo nililipata baada ya wiki nzima. Pale ukumbini hakuna aliyelipata, wala mimi niliyekuwa na kalamu. Labda naye alisubiri mtu amwambie, maana mwenyekiti hawezi kujiondoa kwa sababu ya mke wa mtu bila kumtaja.

"Aliyetajwa hayupo ukumbini," mzee akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa na furaha. "Tuendelee."

Nikaandika kwenye daftari: hakuhudhuria. Kazi akapewa mwenye duka, akaleta matofali ya saruji. Zahanati ikasimama, na watu wakatibiwa, na hilo ni jambo jema.

Mama hakunilaumu. Nilimngoja anilaumu siku nyingi, nikatamani hata anitukane. Jioni ile aliniambia tu, "Miguu ilikataa, mwanangu," kama mtu anayeomba radhi kwa kumwaga maji. Mkungu wa ndizi ukaja kutoka Talatala wiki ile, mkubwa kuliko wa kawaida. Tukaula.

Kikundi kilijaribu. Walianza kufyatua matofali ya nyumba yake bila zabuni, kila mmoja akitoa alichonacho. Lakini nguvu zilikuwa zimewatoka, wakachelewa, na mvua za Kyela hazingoji wajane. Yale mabichi yaliyopangwa tayari kwa tanuru yalinyeshewa siku nne mfululizo yakarudi kuwa udongo. Wawili wakajitoa kwenye kikundi, kisha watano, kisha hakukuwa na kikundi.

Kiangazi kilichotajwa kikafika mwisho wake. Bwana ardhi akapita na wapimaji, akaandika orodha, na rasimu za barua zikaja mezani kwangu. Zilikuwa zinafanana zote, ni namba ya kiwanja tu iliyobadilika. Nilichapa za wengine kwanza. Ya mama niliiacha ya mwisho, na nilipoimaliza nikabaki natazama nafasi iliyobaki kati ya aya ya mwisho na mahali pa saini.

Sikuwa na uwezo wa kufuta. Sikuwa na uwezo wa kusogeza tarehe hata kwa siku moja. Lakini nafasi ilikuwepo, nikachapa sentensi ambayo haikuwa kwenye rasimu: kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua mianzi yake na kung'oa miche yake ya migomba kabla ya kuondoka. Mkuu akasaini rundo zima bila kusoma. Kuiba kwangu serikalini ni huko tu.

Nikampelekea mwenyewe. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea, yeye ameketi kwenye kigoda cha jikoni, mikono mapajani. Nilisoma namba, nikasoma sababu, nikasoma siku ya kuondoka. Nilipofika sentensi ya mwisho akainua kichwa.

"Wameandika hivyo? Na mianzi?"

"Ndiyo."

"Na migomba?"

"Na migomba, juba."

Akatazama ukuta alioukandika kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya zabuni uso wake ukalegea.

"Kesho ukifika kazini," akasema, "wape ndaga yangu. Uwaambie mama amewashukuru sana. Watu wakubwa wenye kazi nyingi namna ile, na wamekumbuka mianzi ya mjane."

Nikamwambia nitawaambia.