Lori Lililotazama Kanisa

Lori aliloniachia marehemu mume wangu lilifanyiwa kazi Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa Machi. Naitaja tarehe kwa sababu nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, na tangu hapo sijaacha kuwachosha watu kwa tarehe. Fundi wangu, ambaye gereji yake iko kituo cha Kawangware 46, alibadilisha filta ya dizeli na mpira unaotoka kwenye tangi, akatoa hewa kwa pampu ya mkono, lori likaunguruma. Moshi haujatawanyika, nikawa nimeshampigia shemeji simu.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa nyumbani mashambani, Magharibi, akisubiri neno moja tu kutoka kwangu: kwamba lori limenishinda, liuzwe.

"Shemeji, lori si cherehani," aliniambia.

Nami, kwa kiburi ambacho shule haikunipunguzia bali ilikipiga pasi tu, nikamjibu, "Njoo Jumamosi asubuhi. Ushike ufunguo wewe mwenyewe. Lisipowaka mara ya kwanza, uza."

Jumanne asubuhi halikuwaka. Lilikuwa limelala nyuma ya mtaa wa Nyayo Highrise, kwenye mteremko ambako hulala siku zote, pua juu. Starta ililia mpaka ikaanza kukohoa. Fundi akaja, akapiga pampu ya mkono, likawaka. Jumatano, vivyo hivyo. Nikaamua kuwa daktari, nikaagiza betri mpya. Betri mpya iliizungusha injini kwa nguvu zaidi, na injini ikakataa kwa nguvu zaidi.

"Mathe, betri haikuwa na shida," fundi alisema.

"Umesomea wapi wewe?" nilimuuliza, mimi niliyejifunza kusoma kwa vitabu vyenye picha za paka.

Jioni hiyo nikawaita akina mama wa kikundi chetu cha maombi, wakapanda kwa miguu kutoka mtaa wa Gatwekera. Kiongozi wao alilizunguka lori, akatikisa kichwa.

"Mama, utaombeaje gari na imepea kanisa mgongo? Igeuzwe!"

Kanisa letu liko chini, bondeni. Dereva wangu akaligeuza, akaliegesha pua chini. Tukaweka mikono kwenye boneti, tukaomba mpaka mlinzi wa hapo akavua kofia.

Alhamisi liliwaka kabla dereva hajamaliza kuzungusha ufunguo. Nilipiga vigelegele barabarani peke yangu, kisha nikampigia fundi. "Unaona? Kuna Fundi anayekushinda."

"Amina, mathe," akasema, akakata simu.

Ijumaa likakataa tena. Niliketi kwenye ngazi ya lori nikitafuta dhambi niliyoitenda Alhamisi. Nilizipata kadhaa, lakini hakuna hata moja iliyohusu dizeli. Ndipo nikalitazama jiwe tunalozuilia tairi. Lilikuwa nyuma ya tairi. Jana yake lilikuwa mbele. Baada ya kazi ya Alhamisi, dereva alikuwa ameliegesha lori kama kawaida yake, pua juu.

Nikampigia fundi. "Likitazama chini linawaka. Likitazama juu linakataa."

"Mathe, si hiyo ndiyo ungeniambia jana?"

"Jana nilikuwa namshukuru Mungu."

Alikuja, akaunganisha kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, na dereva alipowasha tukaona mapovu yakipita pamoja na dizeli. Palikuwa na mahali panapoingiza hewa. Pua ikiwa juu, dizeli ilirudi tangini usiku kucha. Pua ikiwa chini, tangi lilikuwa juu ya injini, na dizeli haikuwa na pa kukimbilia. Hakuna tone lililovuja nje, ndiyo maana hatukuona kitu. Klipu ya ule mpira mpya haikukazwa vizuri.

"Nani alikaza hii?" nikauliza, tayari kwa hotuba.

"Ni mimi. Lakini kuna mtu alikuwa amenisimamia Jumatatu, 'Maliza, maliza, nimpigie shemeji.'"

Hotuba nikaimeza. Akaikaza klipu, akatoa hewa, akafunga boksi lake.

"Leo si ulilaze tu likiangalia chini? Kesho ni kesho."

Nakiri nilitamani. Lakini ningekuwa nimeshinda kwa msaada wa mteremko, na Jumapili ningelijua hilo. Nikaagiza lilale pua juu.

Jumamosi shemeji alikuja amevaa koti, na simu mkononi. Mnunuzi alikuwa akimngoja Kawangware. Alipanda, akazungusha ufunguo. Nilifumba macho. Likawaka. Akalizima, akajaribu tena, kama mtu anayekagua noti bandia. Likawaka.

"Haya," alisema, akitazama usukani. "Sasa huyu mtu wa Kawangware nitamwambia nini?"

"Tutampitia, umwambie ana kwa ana. Sogea katikati. Dirishani ni mahali pangu."

Akasogea, dereva akachukua usukani. Nikaweka mguu kwenye ngazi kwa fahari yote ya mwenye mali, na gauni langu la kanisani, ambalo halikushonwa kwa ajili ya malori, likakataa kupanda. Nilining'inia pale, nusu ndani nusu barabarani, mpaka shemeji aliponishika mkono na kunivuta, dereva akitazama kioo cha upande wake kwa heshima kubwa sana.